Hugh Trowell, daktari aliyesoma mlo katika ngozi na katika damu ya wagonjwa wake

Soni ni mahali ambapo barabara inayopanda kutoka Mombo hugawanyika, moja ikielekea Lushoto na nyingine Bumbuli. Hapo ndipo hupita sehemu kubwa ya mavuno ya Milima ya Usambara kabla ya kushuka tambarare na kusafirishwa hadi masoko ya mijini: kabichi, karoti, viazi, matunda na maharage. Kwa mkulima wa Usambara, maharage ni zao la biashara na pia ni kitoweo cha kila siku, hasa yanapopikwa pamoja na mahindi yakawa makande. Wachache wanaoyala wanafahamu kuwa chakula hicho kimo katika hoja ndefu ya kitabibu iliyoanzia katika hospitali za Kenya na Uganda karibu miaka mia moja iliyopita, na kwamba daktari aliyeibeba hoja hiyo kwa muda mrefu zaidi alianza kazi yake kwa kukosea katika jambo lililohusu uhai wa watoto.

Daktari huyo ni Hugh Carey Trowell. Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas's mjini London, na mwaka 1929 akaingia Kenya akiwa mtumishi wa idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Elimu aliyokuja nayo ilimfundisha kwamba magonjwa ya Afrika ni magonjwa ya vimelea: malaria, malale, kichocho, safura. Vitabu vya wakati huo havikuwa na mengi ya kusema juu ya mlo wa Mwafrika, na vilisema machache zaidi juu ya moyo wake na mishipa yake ya damu.

Hata hivyo, mwaka huohuo daktari mwingine aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima shinikizo la damu la Waafrika wapatao 1,000. Huko Ulaya ilikuwa imezoeleka kwamba shinikizo hupanda kadiri umri unavyosonga. Miongoni mwa watu aliowapima Donnison, shinikizo halikupanda baada ya miaka arobaini, lilielekea kushuka. Trowell alikuja kuona jambo lilelile katika wodi zake. Wagonjwa walijaa, lakini kulikuwa na magonjwa aliyoyafahamu vizuri kutoka London ambayo hayakumfikia: mshtuko wa moyo, kisukari cha watu wanene, mawe katika kifuko cha nyongo, hata kidole tumbo. Daktari kijana kwa kawaida huandika anachokiona. Trowell alijifunza mapema kuandika pia asichokiona, na tabia hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wenzake kwa maisha yake yote.

Ugonjwa uliomsumbua zaidi, hata hivyo, ulionekana waziwazi. Ulikuwa ni ugonjwa wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne, hasa walioachishwa ziwa karibuni. Mtoto alivimba miguu, kisha mikono na uso. Nywele zake zilipoteza weusi, zikawa nyepesi na nyekundu, na kung'oka kwa urahisi. Alikosa hamu ya kula na kuwa mkiwa, asiyetaka kuguswa wala kucheza. Ngozi ndiyo iliyotisha zaidi. Ilifanya mabaka meusi yaliyokauka, kisha mabaka hayo yakabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani na kuacha nyama mbichi. Katika vidonda hivyo wadudu wa maradhi walipata mlango, na mtoto ambaye mwili wake haukuwa na nguvu ya kupambana alikufa kwa uambukizo ulioanzia kwenye ngozi, kwa kuhara au kwa nimonia. Baganda waliufahamu ugonjwa huo muda mrefu kabla ya madaktari, na waliuita obwosi. Katika pwani ya Tanzania wapo hadi leo wanaosema kuwa mtoto wa namna hiyo amebemendwa, na lawama huangukia tabia za wazazi wake.

Mwaka 1935 Trowell alihamia Uganda, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambayo ndiyo iliyokuwa hospitali ya kufundishia ya shule ya udaktari ya Makerere. Mwaka huohuo, daktari mwanamke aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliutangazia ulimwengu wa kitabibu jina la ugonjwa huo. Cicely Williams alikuwa ameueleza mara ya kwanza mwaka 1933, akihusisha kuzuka kwake na watoto waliolishwa uji wa mahindi baada ya mama kupata mimba nyingine. Sasa alitumia jina ambalo akina mama wa Kiga wa Accra walilitumia wenyewe, kwashiorkor, likimaanisha maradhi ya mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake anayekuja. Ni jina ambalo Kiswahili kimelichukua na kuliita kwashakoo, ingawa ugonjwa huo hujulikana pia kama unyafuzi.

Trowell hakukubaliana naye. Wataalamu wakubwa wa London walishikilia kuwa ugonjwa huo ni pelagra, yaani upungufu wa vitamini uliokuwa ukijulikana sana katika nchi zinazokula mahindi, na Trowell aliandika mwaka 1937, na tena mwaka 1940, akiunga mkono rai hiyo. Kosa hilo lina maelezo yake. Pelagra nayo huharibu ngozi, huleta kuhara na humlegeza mgonjwa. Lakini Williams alikuwa ametaja tofauti ambayo daktari yeyote angeweza kuiona kwa macho: pelagra huchoma ngozi inayopigwa na jua, yaani shingo, mikono na miguu, ilhali ngozi ya watoto hawa iliharibika hasa kwenye mapaja, matakoni na mahali panaposuguana na palipofunikwa. Ngozi ilikuwa imesema ukweli. Wasomaji wake ndio waliotazama kitabuni kwanza.

Jambo hili halikuwa mabishano ya majina. Aliyeamini kuwa mtoto ana pelagra alimpa vitamini ya pelagra, ambayo ilitambuliwa mwaka 1937 na kupatikana kwa matumizi ya hospitali muda mfupi baadaye. Trowell aliitumia kwa matumaini. Watoto waliendelea kufa. Alijaribu vitamini nyingine, akajaribu dondoo za ini, akachukua damu na kuipima, na bado vifo havikupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Kila kipimo kilichochukuliwa kwa mtoto aliyekuwa karibu na kufa kilikuwa na gharama nyingine ambayo vitabu vya hesabu vya hospitali havikuionyesha. Enzi hizo uvumi wa mumiani ulikuwa umeenea Afrika Mashariki yote, na mzazi aliyemleta mtoto Mulago akaona anatolewa damu, kisha akamchukua akiwa maiti, hakuhitaji mtu wa kumwelezea maana yake. Wengine waliwaficha watoto wao na hospitali. Wengine waliwaleta wakiwa wamechelewa mno, na kuchelewa huko kuliongeza vifo vilivyouthibitisha uvumi.

Katika kipindi hicho Trowell alifanya kazi bega kwa bega na daktari Mganda aliyehitimu Makerere, Dkt. Eria Muwazi. Mwaka 1945 wawili hao walichapisha kwa pamoja uchunguzi wao katika jarida la Chama cha Kifalme cha Tiba na Usafi cha Nchi za Joto. Katika andiko hilo neno pelagra liliachwa, na mahali pake pakawekwa jina jipya la utapiamlo hatari. Halikuwa bado jina la Williams, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Haikuwa jambo la kawaida wakati ule daktari wa kikoloni kuweka jina la mwenzake Mwafrika kando ya lake katika andiko la kisayansi. Inafaa kukumbukwa pia kwamba Muwazi ndiye aliyeweza kuzungumza na akina mama kwa lugha yao, na kuuliza mtoto alikula nini, lini aliachishwa ziwa na alianza kuugua vipi.

Shule aliyofundisha Trowell haikuwa ya Uganda peke yake. Tanganyika haikuwa na shule ya udaktari hadi mwaka 1963 ilipoanzishwa ya Dar es Salaam, hivyo vijana wa Tanganyika waliochaguliwa kusomea tiba walipanda meli kuvuka Ziwa Viktoria na kuingia Makerere. Mmoja wao alikuwa Vedasto Kyaruzi, aliyekuja kuwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika mwaka 1950 na baadaye mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru katika Umoja wa Mataifa. Nyumbani kwa Trowell kulikuwa na shule nyingine tena. Mkewe, Margaret, alikuwa msanii, na ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, ambamo walipita wachoraji wa Kitanganyika Sam Ntiro na Elimo Njau. Huenda historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inamfahamu zaidi mke kuliko historia ya tiba inavyomfahamu mume.

Ushahidi wa mwisho juu ya kwashakoo ulitoka katika chumba cha kupasulia maiti. Mtaalamu wa patholojia wa Mulago, J. N. P. Davies, alionyesha mwaka 1948 kuwa kongosho la watoto waliokufa lilikuwa limenyauka, na chembe zinazotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula zilikuwa zimekauka. Ini nalo lilikuwa limevimba kwa mafuta. Hapa pana jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa udaktari wa leo: mtoto mwenye ini lililojaa mafuta alikuwa na mafuta machache mno katika damu yake, na kolesteroli yake, ambayo wengine huiita lehemu, ilikuwa chini sana. Sababu ni kwamba mafuta hayasafiri yenyewe ndani ya damu. Hubebwa na protini zinazotengenezwa na ini. Ini lisilopata malighafi ya kutengeneza vibebeo hivyo huyalimbikiza mafuta ndani yake kama ghala lisilo na gari la kusafirishia mzigo. Mtoto alipopewa chakula sahihi, mafuta na kolesteroli ya damu vilipanda, na kupanda huko kukawa dalili njema ya kupona. Katika wodi hiyohiyo, basi, damu yenye kolesteroli ndogo ilikuwa alama ya hatari. Trowell aliishi hadi kuona kolesteroli kubwa ikiwa alama ya hatari nyingine.

Mwaka 1949 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani iliamua uchunguzi ufanywe barani Afrika. Wataalamu wawili, Brock na Autret, walizunguka nchi kadhaa, na taarifa yao ya mwaka 1952 ilihitimisha kuwa kwashakoo husababishwa hasa na upungufu wa protini na kwamba tiba yake ni maziwa. Mjini Kampala, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifungua kituo maalumu cha utapiamlo wa watoto chini ya R. F. A. Dean. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa chenye jina la Kwashiorkor. Kwa kulikubali jina hilo juu ya jalada, Trowell alikuwa amekiri mbele ya dunia nzima kuwa Williams ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshikilia kosa kwa takriban miaka kumi.

Maziwa ya unga yaliokoa watoto wengi waliolazwa, na hilo halina ubishi. Lakini jibu la protini lilikuwa limenyooka kupita kiasi. Donald McLaren, daktari aliyepata kufanya utafiti wa lishe na macho Tanganyika, katika mikoa ya ziwa na ya kati, aliandika mwaka 1974 kuwa dunia ilikuwa imepoteza miaka na fedha nyingi ikikimbizana na protini, huku watoto wengi wakikosa chakula cha kutosha cha kila aina. Watafiti waliofuata wameongeza mambo mengine: surua na magonjwa ya kuhara yanayotangulia kwashakoo, uharibifu wa chembe za mwili, na vijidudu vinavyoishi tumboni mwa mtoto. Ndiyo maana leo mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa dawa za kuua bakteria pamoja na chakula cha tiba, hata kama uambukizo hauonekani kwa macho. Ngozi iliyobambuka na tumbo lililodhoofika ni milango iliyo wazi. Nako Mulago, mwaka 1965, kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambacho kiliacha kutegemea maziwa ya kopo na kuwafundisha akina mama kuchanganya vyakula vya shambani mwao wenyewe, maharage na karanga vikiwemo.

Wakati huo Trowell alikuwa ameshaondoka. Kabla ya kuondoka, hata hivyo, aliona mgonjwa ambaye alikuwa akimsubiri bila kujua. Mwaka 1956, yeye na S. A. Singh walichapisha katika East African Medical Journal taarifa ya Mwafrika aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa mtu mwenye wadhifa mkubwa, mnene wa mwili, ambaye mlo wake ulikuwa umeelekea ule wa Kizungu. Mgonjwa mmoja kuandikiwa makala kamili kunaonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa adimu. Katika uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 1960, maiti 632 zilizopasuliwa Uganda zililinganishwa na maiti 632 za watu wa umri sawa waliofia katika mji wa St. Louis nchini Marekani. Makovu na majeraha ya mshtuko wa moyo yalikutwa kwa Wamarekani 136. Kwa Waganda, alikuwa mmoja.

Kwa nini? Shaper na Jones walipima kolesteroli ya Waafrika na ya watu wa asili ya Asia waliokaa Kampala, na mwaka 1959 wakaeleza kuwa ya Waafrika ilikuwa ndogo na ya Waasia kubwa, sawasawa na tofauti ya magonjwa ya moyo kati ya jamii hizo mbili. Wengi waliona jibu limepatikana: mafuta ya wanyama ndiyo adui. Kisha George Mann wa Marekani akaenda kwa Wamaasai wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawapima wanaume wapatao 400 wanaoishi kwa maziwa na nyama, na akakuta kolesteroli yao iko chini na mioyo yao haina dalili za ugonjwa. Miaka kadhaa baadaye, upasuaji wa maiti 50 za Wamaasai ulionyesha kuwa mishipa yao haikukosa utando wa mafuta, ila ilikuwa imepanuka kiasi cha kuacha damu ipite bila kizuizi. Mlo haukuwa na jibu moja kwa watu wote, na Afrika Mashariki ndiyo iliyolithibitisha jambo hilo mapema zaidi kuliko nyingine.

Trowell alirejea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akapewa upadri katika Kanisa la Anglikana, akawa mchungaji wa parokia ndogo karibu na mji wa Salisbury na mhudumu wa kiroho wa wagonjwa hospitalini. Mwaka 1960 kilichapishwa kitabu chake juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Humo alipanga kwa utaratibu kumbukumbu za miaka thelathini: ugonjwa gani upo, upi haupo, upi umeanza kuonekana na kwa nani. Kitabu hicho hakikuvuma. Daktari aliyestaafu kuandika orodha ya magonjwa ambayo watu hawaugui si jambo la kuwavutia wengi.

Aliyekifufua ni mwenzake wa zamani wa Mulago, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye jina lake lilikuwa tayari maarufu kwa sababu ya saratani ya taya za watoto. Burkitt alikutana mwaka 1967 na daktari wa jeshi la wanamaji, T. L. Cleave, aliyedai kuwa sukari na unga mweupe vilikuwa mzizi wa magonjwa mengi ya Ulaya. Alipotafuta ushahidi kutoka Afrika, aligundua kwamba Trowell alikuwa amekwisha kuukusanya. Karibu na mwaka 1970, Trowell alirudi Uganda kwa ziara. Aliona mjini watu wanene kwa wingi ambao hakuwahi kuuona katika miaka yake yote ya kazi, na alikuta kliniki za kisukari zimejaa. Haikuwa imepita miaka ishirini.

Mwaka 1972, akiwa na umri unaokaribia sabini, Trowell alitoa hoja iliyomrejesha katika sayansi. Alisema kuwa wote walikuwa wakihesabu kile kinachoingia katika damu, na hakuna aliyehesabu kile kinachopita tumboni bila kusagika. Alikipa tafsiri: ni mabaki ya kuta za chembe za mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyavunja. Kwa Kiswahili mabaki hayo huitwa makapimlo. Hadi wakati huo kemia ya chakula iliyahesabu kuwa takataka zisizo na faida ya lishe. Trowell alidai kuwa makapimlo hupunguza kolesteroli katika damu na kuukinga moyo, na kwamba mkulima wa Uganda aliyekula ndizi, viazi vitamu na maharage aliyala kwa wingi kuliko Mwingereza wa mkate mweupe.

Njia yake ni rahisi kuieleza. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, ambayo humwagwa utumboni kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu kubwa yake hunyonywa na kurudishwa kutumika tena. Baadhi ya makapimlo huikamata nyongo hiyo na kutoka nayo katika choo. Ini likipungukiwa, huchota kolesteroli nyingine kutoka katika damu, na kiasi kilicho katika damu hupungua.

Utafiti uliofuata ulimthibitisha Trowell kwa sehemu. Makapimlo yanayoyeyuka majini, yaliyomo katika maharage, kunde, shayiri na matunda, hushusha kolesteroli, ingawa si kwa kiasi kikubwa kama dawa. Pumba za ngano, ambazo Waingereza wa miaka ya 1970 walizinunua kwa fujo, husaidia choo lakini karibu hazigusi kolesteroli. Kwa maana hiyo, chungu cha makande cha Usambara kina nguvu kuliko vifurushi vingi vya pumba vilivyouzwa Ulaya kwa jina la afya. Kwa upande wa mahindi, tofauti kati ya dona na sembe ni mfano wa karibu wa kile Trowell alichokuwa akikieleza: kukoboa huondoa ganda na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya makapimlo na vitamini, na kinachobaki ni wanga mweupe.

Mwaka 1980 alichapisha katika East African Medical Journal, jarida lilelile lililobeba taarifa yake ya mwaka 1956, makala iliyofuatilia shinikizo la damu la Wakenya na Waganda kwa miaka hamsini, kuanzia enzi za Donnison. Ndani ya umri wa mtu mmoja, shinikizo la juu la damu lilikuwa limetoka katika hali ya kutokuwepo na kuwa ugonjwa wa kawaida wodini.

Tanzania ilipitia njia hiyohiyo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973 kukabiliana hasa na utapiamlo wa watoto, na kazi hiyo haijaisha: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na idadi kama hiyo ina uzito uliozidi. Mara nyingine mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye shinikizo hukaa nyumba moja na kula sahani moja.

Trowell na Burkitt walihariri pamoja vitabu vitatu vikubwa, mwaka 1975, 1981 na 1985, cha mwisho wakishirikiana na Kenneth Heaton. Mwaka 1985 ndio aliofariki Margaret. Hugh Trowell alifariki Uingereza mwaka 1989. Mabishano juu ya tafsiri yake ya makapimlo yaliendelea miongoni mwa wanakemia, wenye viwanda vya chakula na serikali kwa miaka ishirini mingine, hadi mwaka 2009 Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, ilipopitisha tafsiri moja ya kutumika katika lebo za vyakula.